Ukuta wa Upande wa Kitanda

9 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku ni wazima, kama uzima ni kuamka na kujikuta bado upo. Mjomba wako amepata mjukuu mwingine na anajigamba kana kwamba amemzaa yeye. Fundi cherehani, jirani yetu, anakusalimu. Anasema bado anakumbuka ulivyomvunjia kioo ukakimbia, mpira ukauacha ndani kama ushahidi. Jikoni palipokuwa pakivuja pamezibwa.

Kuhusu mimi, nilikwenda kwa daktari. Kwa kuwa sisikii tena hata nikipigiwa kelele, aliniandikia maneno yake kwenye karatasi. Nimeyasoma mara moja, nikaikunja karatasi nikaiweka chini ya kikombe. Sitakuchosha nayo.

Ninalotaka ni dogo. Mjomba wako ameamua nihamie chumba cha marehemu mama yako, kwa sababu kiko karibu na bafu na mimi sasa natembea kwa kushika kuta. Sikubishana naye. Ila ukuta wa upande wa kitanda una doa. Tangu mama yako atuache umepakwa rangi mara mbili, na mara zote mbili doa limerudi, kwanza kama kivuli, kisha lenyewe. Nataka liondoke kabla sijahamia humo.

Vidole vyangu haviwezi tena kukamua kitambaa, na habari ya kubeba ndoo usiniulize. Uliwahi kuniandikia juu ya kile kichwa mnachofunga kwenye mashine ya kufyonza vumbi, ambacho kinanyunyiza maji, kinasugua, kisha kinayafyonza papo hapo, kwa madirisha na kuta. Mashine ya mama yako bado inawaka. Je, naweza kupata kimoja?

Fundi cherehani amejitolea kuja na brashi. Nimemkatalia.

Ni mimi,
Mama yako mkubwa


14 Machi

Shikamoo Mama mkubwa,

Barua yako imenifikia ikiwa imelowa pembe moja, lakini maneno yote yamo. Hongera kwa Mjomba. Mwambie fundi cherehani kwamba kioo kile kilikuwa na ufa tangu zamani, na yeye anajua.

Mimi ni mzima. Tumehamishwa kutoka madirisha ya nje, sasa tunaosha korido na ngazi za ndani za jengo moja refu. Msimamizi wetu tunamwita Kifaru, maana hageuki: akitaka kuona kilicho nyuma yake, anageuza mwili mzima. Nilimwomba kichwa kimoja kati ya vile vilivyowekwa stoo. Akaniuliza, "Unataka kufungua kampuni?" Nikamwambia ni cha mama mkubwa. Akanipa, ila mpira wake ulikuwa umekatika, nimeweka mpya.

Kimo kwenye kifurushi kinachokuja. Sikiliza vizuri. Kuna kopo la plastiki la kuona ndani. Lazima likae kati ya kichwa na mashine, ndilo linalokusanya maji machafu. Usiwashe kamwe bila kopo, maji yataingia kwenye mota na umeme utakurusha. Chupa ndogo ni ya maji yenye sabuni. Bonyeza kidogo tu. Sponji inasugua, mpira unakwangua, mashine inavuta. Dirisha unaanzia juu kwenda chini. Ukuta unaanzia chini kwenda juu, vinginevyo maji machafu yatatiririka kwenye sehemu kavu na kuacha michirizi. Kichwa kikibana ukuta vizuri utahisi kinavuta mkono wako. Hapo ndipo kinafanya kazi.

Ila hukuniambia ni doa la nini. Moshi? Unyevu kutoka nje? Mafuta? Kila moja lina sabuni yake. Liko juu kiasi gani kutoka sakafuni, na ni kubwa kiasi gani?

Na hukuniambia daktari ameandika nini.

Kuja sijui, Mama mkubwa. Kazi zimebana. Ningepiga simu, lakini hutanisikia. Nakumbuka simu zetu za Ijumaa. Basi.

Mwanao


2 Mei

Mwanangu,

Kifurushi kimefika salama, hata chupa haikupasuka. Mjomba wako alikifungua akidhani ni chombo cha jikoni. Alipokijua ni nini akaniandikia, "Watu wanazeeka na mambo yao."

Nimeanza na madirisha. Nilikaa kwenye kiti na kuosha nilipoweza kufika, na fundi cherehani akaosha pale juu. Sijui nimeishi vipi miaka yote hii nikitazama nje kupitia uchafu. Fundi cherehani alinawa mikono, akarudi kwake, kisha akanirudia na kuniandikia kwenye karatasi: "Sasa unaniona mpaka ndani. Itabidi niwe navaa nguo nzima." Nilicheka mpaka mbavu zikauma, ingawa siku hizi zinauma hata nisipocheka.

Kisha ukuta. Nimeosha kuanzia mlangoni hadi kabatini, chini kwenda juu kama ulivyosema. Chombo chako ni kizuri. Huhitaji nguvu, unahitaji subira tu, na hiyo ndiyo niliyofundishia watoto wa watu maisha yangu yote. Maji yanayokusanyika kwenye kopo ni ya rangi ya chai ya rangi, kutoka kwenye ukuta ambao ungeapa ni safi.

Doa bado. Ni doa la kawaida. Sabuni uliyotuma inatosha.

Nimeshahamia. Nimemwomba Mjomba wako anisogezee kitanda katikati ya chumba. Ananiona nimeanza kurukwa na akili. Ninalala hapo katikati kama mgeni ambaye hajaonyeshwa pa kukaa.

Mjukuu ana afya. Mvua zimechelewa.

Mama yako mkubwa


11 Juni

Shikamoo Mama mkubwa,

Natumaini mbavu zimepoa. Mimi nilikuwa na homa kidogo, imepita. Kifaru amepandishwa cheo na sasa hageuki kabisa.

Hujanijibu, sasa nakuuliza tena, na usikasirike. Doa linalotokea juu ya rangi mara mbili si la unyevu, maana unyevu ungebandua rangi. Ni mafuta ya mwili. Tunaliona sana kwenye korido za hospitali tunazopangiwa mwisho wa mwezi, pale wagonjwa wanaposhika ukuta wakienda kujisaidia. Halitokani na mto wala kichwa cha mtu aliyelala, hilo huwa jepesi na pana. La kudumu namna hiyo linatokana na mkono unaorudi palepale.

Nauliza ili nikutumie sabuni inayofaa, Mama mkubwa. Hakuna zaidi.

Karatasi ya daktari bado iko chini ya kikombe?

Mwezi ujao siwezi kuja. Na unaofuata pia sidhani.

Mwanao


30 Julai

Mwanangu,

Salamu kutoka kwa wote. Mjukuu wa Mjomba wako ameota jino na ameng'ata watu wote isipokuwa mimi, labda ananiona sina nyama. Ni kweli. Pete yangu sasa naivaa kidole gumba. Daktari aliandika kwamba dawa zilizobaki ni za maumivu tu, na kwamba niweke mambo yangu sawa. Ndiyo hayo. Sasa unajua la karatasi.

Uliniuliza sabuni. Nitakujibu.

Doa liko usawa wa mkono wa mtu aliyelala. Ukubwa wake ni kisahani cha chai. Ni la mkono wa mama yako.

Zile alama ulizomfundisha, wiki uliyokaa nasi baada ya kiharusi, bado unazikumbuka. Moja, maji. Mbili, nigeuze. Tatu, njoo ukae nami. Tulikusifu sana kwa akili hiyo, maana mdomo wake ulikuwa umefunga, na mkono uliobaki ulikuwa huo wa kulia, wa upande wa ukuta. Kisha ulirudi kazini, na mimi nikabaki nazo.

Miezi ya kwanza niliitikia zote. Baadaye tatu zikawa nyingi. Kiu ya maji ina mwisho, na mtu akishageuzwa amegeuzwa. Lakini kukaa na mtu hakuna mwisho. Ukiinuka tu, tatu. Ukienda kupika, tatu. Nilikuwa nimestaafu baada ya kusahihisha madaftari ya wengine tangu ujana, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na vitabu vyangu na alasiri zangu. Kiti changu kilikuwa sebuleni, kimeegemea ukuta huohuo, upande wa pili. Alipogonga, nilihisi mgongoni. Nikaanza kuitikia moja na mbili tu. Tatu niliziacha zipite.

Mama yako hakuwa mjinga. Akaanza kugonga moja, na nikimpelekea maji anafumba mdomo, ananitazama tu. Mara ya kwanza nilikaa naye. Mara ya pili niliyaacha maji kando ya kitanda nikatoka. Siku ile ndipo nilipokihamisha kiti hadi dirishani, nisihisi kitu mgongoni. Sauti nilikuwa naisikia bado, lakini ukiwa na kitabu kizuri sauti inazoeleka, kama saa ya ukutani.

Alasiri ya mwisho hakugonga moja wala mbili wala tatu. Aligonga tu, bila hesabu, kama mtu anayepigilia msumari. Nikasema moyoni, leo ameamua. Nilikuwa nimebakiza kurasa chache. Kisha kukawa kimya nikafurahi. Naliandika neno hilo kama lilivyo: nilifurahi, nikidhani amelala. Nikamaliza sura. Nikachemsha chai. Nilipoingia na kikombe, mkono wake ulikuwa bado umeegemea ukuta.

Wewe ulipofika tulikuwa tumeshazika, kwa hiyo hukuona lililotokea kwanza. Mjomba wako aliniuliza mbele ya waombolezaji, "Dada, kweli hukusikia hata kidogo?" Akarudia kwa sauti, nami nikatazama sakafu tu. Akawageukia watu akasema, "Ni masikio jamani. Dada yangu masikio hana tena." Wote wakaanza kunipa pole kwa kupiga kelele. Nikawa kiziwi kwa kutangazwa. Uziwi wenyewe ulikuja baadaye, taratibu, kama mtu aliyekwisha kualikwa.

Masikio yangu yalikuwa mazima, mwanangu. Nilimsikia kila mara.

Jana nilimfungia Mjomba wako mlango na kuosha doa. Nilifuata maelekezo yako. Weusi ulitoka, niliuona ukipita kwenye bomba na kuingia kwenye kopo. Lakini pale katikati kichwa kilikataa kubana. Mashine ilitetemeka mkononi, hewa ikapita, na maji yakaponyoka chini ya mpira yakateremka hadi sakafuni. Nikarudia, ikawa hivyohivyo. Nikazima, nikapapasa kwa kidole.

Kuna shimo. Si kubwa, linatosha ncha ya kidole gumba. Amelichimba kwa vifundo vya vidole vyake, na rangi zetu zilikuwa zikilifunika macho tu. Sasa ukuta ni mweupe kabisa na shimo linaonekana kutoka mlangoni.

Maji ya kwenye kopo sijayamwaga. Yako chini ya kitanda. Sijui yamwagwe wapi.

Sikuandika ili unijibu. Lakini nyumba hii nakuachia wewe, na sikutaka ulale katika chumba hiki bila kujua.

Mama yako mkubwa


3 Oktoba

Shikamoo Mama mkubwa,

Barua yako ilifika zamani. Niliisoma kazini, chooni, mpaka Kifaru akagonga mlango: "Wee, umefia humo?" Nikamwambia bado. Nimeanza kukujibu mara nyingi na kuchana. Samahani kwa kukungojesha, hali yako ikiwa ilivyo.

Kwanza maji. Mpe fundi cherehani ayamwage chooni na aoshe kopo kwa maji moto, yakikaa yananuka. Ni maji machafu tu, Mama mkubwa. Mimi nayamwaga kila siku.

Pili, nilijua.

Ijumaa zile tulikuwa tunaongea kwa simu. Nilikuwa nikijificha stoo nanong'ona, Kifaru asinisikie, na wewe hukuwahi hata mara moja kuniambia nirudie. Niliposhuka kwenye gari baada ya mazishi, Mjomba alinipokea begi na kuniambia habari za masikio yako, na nilijua palepale kwamba si kweli. Nikaingia ndani, nikainama sikioni kwako nikasema "Pole Mama mkubwa" kwa kelele kuliko watu wote. Utakuwa unakumbuka. Ulishtuka.

Nitakwambia kwa nini nilipiga kelele. Kila Ijumaa ulikuwa ukimpelekea mama simu, ukaishikilia karibu na ukuta, naye akagonga. Tatu. Ulikuwa ukiniambia, "Anakusalimu." Tatu si salamu, nilimfundisha mwenyewe. Mimi nikajibu, "Msalimie na yeye," nikasema mtandao mbovu, nikakata. Ijumaa ya mwisho aligonga tatu, akapumzika, akagonga tatu tena, na wewe safari hii hukusema ni salamu. Ulikuwa unangoja nizungumze. Nikakata. Wiki ileile nilikuwa na likizo ambayo nilikuwa sijaiomba. Ilikuwa yangu, niliogopa tu kukaa kwenye kiti cha pembeni ya kitanda kile na kutazamwa.

Wewe ulipotangazwa kiziwi, nilishukuru. Kama ndani ya nyumba hakuna aliyesikia, basi hakuna aliyesikia popote. Hata mimi.

Usiniombe nikusamehe, na mimi sitakuomba. Aliyegonga hayupo. Tukisameheana sisi wawili tutakuwa tumegawana mali ya mtu bila kumuuliza.

Lakini nakuja. Nimeomba ruhusa kuanzia wiki ya pili ya Novemba. Nilimwambia Kifaru naenda kumwuguza mama. Akageuka, mwili mzima. "Si ulishamzika?" Nikamwambia, "Nina mwingine, mkubwa." Akasaini.

Shimo lisizibwe. Kitanda kirudi ukutani, pale pale kilipokuwa, ili ukinihitaji ugonge. Masikio yangu ni mazima.

Mwanao


29 Oktoba

Mwanangu,

Sitaandika mengi, kalamu inanizidi uzito. Mjomba wako anakusalimu na amekusafishia kabati. Mjukuu anasimama kwa kushika vitu, kama mimi.

Maji yamemwagwa. Fundi cherehani hakuuliza kitu, alishika pua tu akaenda.

Kitanda kimerudi ukutani. Mkono wangu unafika kwenye shimo bila kujinyoosha. Jana nilijaribu, nikagonga tatu. Sisikii kitu, najua tu kwenye vifundo kwamba nimegonga. Fundi cherehani, ambaye siku hizi anashonea sebuleni kwetu ili aniangalie, alikuja mbio, uzi mdomoni, akaandika: "Unataka nini?" Nikamwambia sitaki kitu, arudi kwenye kazi yake. Alikwenda. Nikalala nikitazama mlango kwa muda mrefu baada ya hapo, na sasa najua unavyoonekana kutoka huku.

Nimemwagiza Mjomba wako akitoe kile kiti dirishani. Kimeegemezwa tena ukutani, sebuleni, mgongo usawa wa shimo. Ukifika, usianzie chumbani. Keti hapo kwanza. Nikigonga utanihisi mgongoni.

Ukikuta nimeshakwenda, keti hivyohivyo.

Mama yako mkubwa